Rangi Moja Ikizimika: Kutengeneza Taa za LED za Disko

Taa ya disko ikipoteza rangi, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye LED. Anaing'oa, anaweka mpya, taa inawaka, mwenye taa anaondoka akitabasamu. Baada ya sherehe chache taa ileile inarudi, safari hii LED iliyoungua ni jirani ya ile ya kwanza. Ndiyo maana mimi siwashi chuma cha kulehemia kabla sijajua kilichoiua LED. Joto, mkondo uliozidi, risasi ya kulehemia iliyopasuka kwa kurushwarushwa garini: kila kimoja kina tiba yake, na LED mpya peke yake haitibu hata kimoja.

Mezani kwangu sasa hivi kuna taa ya mkebe wa duara yenye LED 36 za wati 3: tisa nyekundu, tisa kijani, tisa bluu, tisa nyeupe. Nyekundu zote tisa zimezima kwa mpigo. Nitaifuata hiyo, na nitataja aina nyingine pale zinapotofautiana.

Kabla ya bisibisi

Chomoa waya wa DMX (unaoleta amri kutoka meza ya kuendeshea taa), kisha tumia vitufe vya taa yenyewe kuiweka kwenye rangi isiyobadilika: nyekundu peke yake hadi mwisho, halafu kijani, bluu, nyeupe. DMX512 imekuwapo tangu 1986 na hubeba chaneli hadi 512 katika waya mmoja, kwa hiyo anwani ya taa (namba ya chaneli yake ya kwanza) ikikosewa kwa namba moja tu, chaneli ya nyekundu inaweza kukaa sifuri usiku mzima na kila mtu akaapa kwamba LED zimekufa. Nimeletewa taa nzima za namna hiyo. Hazihitaji kufunguliwa.

Ukishaziona rangi moja moja, taa imekwisha kukuambia mengi. LED moja ikiwa giza huku wenzake wa rangi hiyo wanawaka, hiyo imeingia shoti ndani yake na mkondo unapita kama kwenye waya. Rangi nzima ikiwa giza, kuna LED iliyokatika, au draiva (saketi inayodhibiti mkondo) ya rangi hiyo imekufa, au plagi imelegea. Ikizima theluthi au nusu ya rangi, ujue rangi hiyo imegawanywa katika mistari kadhaa inayokwenda sambamba, na mstari mmoja umekatika. Rangi isiyokubali kuzima hata ukiipeleka sifuri ni mosfeti (swichi ya kielektroniki ya rangi hiyo) iliyoshoti, usiwasumbue LED. Rangi zote zikiwa giza na kioo cha namba kinawaka, tafuta volti zinazokwenda kwenye LED kutoka pawasaplai. Kioo nacho kikiwa giza, anza na fyuzi.

Kuna dalili moja ambayo wengi huipita. Unachanganya nyekundu, kijani na bluu kupata nyeupe. Mwanzoni ni nzuri, baada ya saa moja inaanza kuelekea ubluu-kijani. Hakuna LED iliyokufa hapo. LED nyekundu na za kaharabu hupoteza mwanga kwa joto haraka kuliko kijani na bluu, kwa hiyo nyekundu imefifia kwa sababu mkebe umechemka ndani. Taa inayofanya hivi ikisafishwa mapema hupona bila kubadilishwa kitu. Ikiachwa, itakuja mezani na LED zilizoungua.

Kufungua

Chomoa umeme, usizime tu. Kwenye umeme wa volti 230, kapasita kubwa ya pawasaplai hujazwa hadi karibu volti 325 na inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa. Ninaingoja dakika chache, ninapima, na kama bado kuna volti ninaitoa chaji polepole kwa rezista ya kilo-ohmu 10, wati 5, yenye miguu iliyofunikwa. Ile tabia ya kuipiga shoti kwa bisibisi hula ncha ya bisibisi, huweza kuua kapasita, na cheche zake zitakurukia usoni.

Piga picha kabla ya kuchomoa plagi yoyote. Lenzi zitoe kwa uangalifu na uziandikie alama kwa kalamu, kwa kuwa baadhi ya taa huchanganya lenzi za pembe tofauti za mwanga na ukizirudisha ovyo utapata madoa ukutani. Lenzi hizi ni plastiki: maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha. Asetoni itazitia ukungu zisirudi tena, na hata alkoholi inaweza kuzipasua nyufa nyembamba.

Kisha tazama kabla ya kupima. Feni ya taa niliyonayo haizunguki kabisa. Mapezi yake yamefunikwa na utando wa vumbi lililochanganyika na unyevu wa mashine ya moshi. Maji ya mashine za moshi yana glikoli, ambayo ikitua ndani ya feni inalishika vumbi na kuligeuza gundi. Bamba la kupozea nalo limezibwa hivyo hivyo. Hapo tayari nimepata mtuhumiwa, na mita bado sijaigusa.

Kumpata aliyekatika

LED tisa za mfuatano ni kama shanga kwenye uzi mmoja: uzi ukikatika popote, zote zinaanguka. Kazi ni kupata mahali ulipokatika.

Kama una mita tu, iweke kwenye alama ya diodi na upime LED moja moja, probu nyekundu upande wa chanya. Nyekundu nzima itawaka kidogo na kuonyesha kama volti 1.6 hadi 2. Kwa bluu, kijani na nyeupe kuwa na tahadhari, kwa sababu zinahitaji karibu volti 3 na mita nyingi hazitoi kiasi hicho. LED nzima itaonekana imekufa. Tofauti hii inatokana na vitu vilivyomo ndani ya LED zenyewe. Nyekundu ilianza 1962 kwa Nick Holonyak, lakini bluu yenye mwanga wa kutosha ilisubiri miaka ya 1990 na aina nyingine kabisa ya fuwele, na waliofanikisha, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bila wao tusingekuwa na disko la LED la rangi zote.

Njia ninayoipenda ni pawasaplai ya mezani yenye kidhibiti cha mkondo. Chomoa plagi ya rangi hiyo kwenye draiva. Weka mkondo usizidi miliampea 20, anza na volti sifuri, kisha panda taratibu. Nyekundu tisa kwa volti 2.2 kila moja zinahitaji karibu volti 20 zikiwa katika kazi kamili. Kwa mkondo mdogo huu zitawaka chini ya hapo. Bluu tisa kwa volti 3.2 ni kama 29. Ukifika hapo na hakuna kinachowaka, chukua kibanio na uguse miguu miwili ya LED ya kwanza kuifanya shoti, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ukifika kwenye iliyokatika, nane zilizobaki zinawaka ghafla. Hutakosea. Usipandishe volti kupita kiasi kinachohitajika: kapasita ya pawasaplai humwaga chaji yake yote mara moja unapogusa, na LED nzima zinaweza kudhurika. Na usizitazame zikiwa zimewaka kwa nguvu, hasa za urujuanimno, ambazo jicho huziona hafifu kumbe zina makali.

Kwenye taa hii ni ya saba. Kuba lake la silikoni lina doa jeusi katikati, na jirani zake wawili wanawaka hafifu kuliko wengine. Wote watatu wako upande wa feni iliyokwama. Nitabadilisha watatu.

Zikiwaka zote unapozipima baridi lakini zinazima taa ikipata moto, kuna waya mwembamba ndani ya LED unaoachia unapotanuka, au risasi yenye ufa. Ziwashe kwa mkondo mdogo na ubonyeze kila LED pembeni kwa kijiti cha mbao. Inayopepesa ndiyo yenyewe. Ikiwa ni risasi, ichemshe upya kwa flaksi (dawa inayosaidia risasi kushika) na kazi imekwisha.

Kabla ya LED mpya, pima draiva

Hapa ndipo taa nyingi hurudi mezani. Kwenye bodi za bei nafuu utakuta draiva ndogo kama PT4115, moja kwa kila rangi, na pembeni yake rezista kubwa kidogo yenye thamani ndogo. Mkondo wa PT4115 hupatikana kwa kugawa 0.1 kwa thamani ya rezista hiyo: ohmu 0.3 hutoa karibu miliampea 330, ohmu 0.15 hutoa karibu 670. Kwa hiyo taa iliyoandikwa LED za wati 3 mara nyingi huziendesha kwa wati moja tu, na mimi silalamiki, kwa sababu zinadumu. Wanaobadilisha rezista ili taa "iongeze nguvu" wananipa kazi.

Pima mkondo halisi ukiwa umeweka mita katika mstari, rangi ikiwa kwenye mwisho. Kwa kuwa mstari wa nyekundu umekatika, unganisha kwa muda miguu ya LED mbovu kwa kipande cha waya. Draiva ya mkondo usiobadilika haitajali LED moja kukosekana. Hii pia ndiyo dawa ya dharura ukumbini pale hakuna LED ya akiba: nane zitawaka na hakuna mchezaji atakayegundua. Lakini kwenye taa za zamani zenye LED ndogo za milimita 10 na rezista badala ya draiva, usifanye hivyo, maana mkondo wa zilizobaki utapanda.

Kosa kubwa la kuepuka: usichomoe wala kuchomeka plagi ya LED wakati draiva imewashwa. Draiva isiyo na mzigo huacha volti zipande hadi juu, na ukichomeka, LED zinapokea pigo lote kwa mara moja. Zima, chomeka, washa.

Kama rangi yako ina mistari sambamba juu ya draiva moja, fanya hesabu. Draiva ya ampea 1 inayogawanywa mistari mitatu huipa kila mstari karibu miliampea 333. Mmoja ukikatika, miwili iliyobaki inabeba 500 kila mmoja. Ndiyo sababu taa za aina hiyo hufa kwa kufuatana, na ndiyo sababu mstari uliozima usiachwe "mpaka msimu uishe".

Kuchagua LED

Wati peke yake hazitoshi. Linganisha umbo la miguu, ukubwa, volti, mkondo, na urefu wa wimbi la rangi. Nyekundu za taa hizi huwa nanomita 620 hadi 630, kijani 520 hadi 530, bluu 460 hadi 470. Ile bluu nzito ya nanomita 450 ni nyingine. Ukiichanganya na za zamani, jicho litaiona papo hapo. Hata za rangi sahihi hutofautiana kidogo kwa kila toleo la kiwanda, na LED mpya itang'aa kuliko mbili zilizochoka zilizo pembeni yake. Ninapobadilisha tatu, huzipanga mpya pande tofauti za duara na kuzihamisha za zamani zilizo nzima zijaze nafasi. Ni kazi zaidi, lakini ukuta unatoka sawa. Taa mbovu isiyotengenezeka usiitupe: LED zake za umri uleule ndizo zinazofanana zaidi na unazotafuta.

LED za rangi nne katika kuba moja, na zile za rangi tano au sita, zina miguu minane au zaidi, na viwanda havikubaliani mguu upi ni wa rangi ipi. Pima ya zamani, pima mpya, chora zote mbili kwenye karatasi kabla ya kuichoma. Angalia pia kama kitako cha chini cha LED kimeungana na mguu wowote, kwa sababu kwenye baadhi kimeungana na chanya na bamba la chuma halipaswi kupata umeme huo.

Kung'oa na kuchoma

Bodi za LED za nguvu ni alumini, na alumini hunywa joto. Chuma cha wati 40 kitabaki kimegusa mguu mpaka LED iive na risasi bado ngumu. Aina ya LED niliyonayo ina miguu miwili inayotoka pembeni na kitako kinachokaa juu ya pesti ya joto (inayopitisha joto la LED kwenda kwenye bamba), na hii ndiyo rahisi: chuma cha wati 80 chenye ncha pana, flaksi, inua mguu mmoja, kisha mwingine, na LED inatoka. Safisha pesti ya zamani (ya kwangu imekauka imekuwa unga, na huyo ni mtuhumiwa wa pili), paka mpya nyembamba kiasi cha kuona chuma chini yake, bonyeza LED ikae chini kabisa, kisha choma miguu. Miguu isiinue kitako. Pengo dogo la hewa pale chini linatosha kuiua LED katika usiku mmoja.

LED zinazochomwa kwa chini, zisizo na miguu ya pembeni, zinataka sahani ya moto. Weka bodi juu ya sahani ya nyuzi 150 hivi, ipate moto sawasawa, weka flaksi kuzunguka LED mbovu, kisha maliza kwa bloa ya hewa ya moto kwa juu. Risasi ya kiwandani isiyo na madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217. Ile ya kawaida ya 63/37 (bati asilimia 63, madini ya risasi 37) kwenye 183. Kwa hiyo ninanyonya ya kiwandani kwa utepe wa shaba na kuweka 63/37, ili LED mpya isihitaji joto kubwa. Risasi ya bismathi inayoyeyuka kwenye 138 inavutia, lakini inavunjika kirahisi na mimi siiamini kwenye kitu kitakachoning'inia juu ya vichwa vya watu na kusafirishwa kila wiki. Shika LED kwa kingo zake. Kuba la silikoni ni laini na waya ulio ndani ni mwembamba kuliko unywele. Usiiguse bodi mpaka ipoe, kwa kuwa LED za jirani nazo zinaelea.

Chanya na hasi zihakikishe kwa mita kabla ya kuchoma, usiamini alama. Kwenye zile za milimita 5 na 10 mguu mfupi na upande uliobapa ni hasi, na hizo hata chuma kidogo kinatosha.

Vipande vya pikseli na vichwa vinavyozunguka

Kwenye taa za pikseli zenye WS2812B (LED yenye chipu yake ya kuidhibiti ndani), data hupita LED moja kwenda nyingine. Zote zikizima kuanzia mahali fulani, mbovu ni ya kwanza iliyo giza au ya mwisho inayowaka, kwa sababu yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye aliyeacha kupitisha. Badilisha zote mbili kama una akiba. LED hizi hunyonya unyevu, na zikichomwa zikiwa na unyevu hupasuka ndani. Pakiti iliyokaa wazi ikaushwe kwanza, nyuzi 70 kwa saa 24 hivi. Nyeupe kamili kila moja hula hadi karibu miliampea 60, kwa hiyo pikseli 100 ni ampea 6 kwenye volti 5. Mwisho wa kipande ukiwa na rangi ya machungwa pale palipopaswa kuwa peupe, waya ni mwembamba, hakuna LED mbovu.

Kichwa kinachozunguka chenye LED moja kubwa ya bamba kinabadilishwa kwa skrubu. Pesti mpya, skrubu zikazwe kwa kupishana kona kidogo kidogo, kwani bamba la kauri likibanwa upande mmoja linapasuka. LED isipokaa katikati ya lenzi zake, duara litatoka na kivuli upande mmoja.

Kufunga na kujaribu

Kabla ya kufunga, badilisha feni kama nilivyobadilisha hii: volti zilezile, ukubwa uleule, na upepo uelekee kulekule. Pima ethi kutoka pini ya plagi hadi chuma cha mkebe. Mita isome karibu na sifuri. Fyuzi iwe ya ampea zilezile.

Kisha iwashe rangi zote hadi mwisho kwa saa moja, mkebe ukiwa umefungwa, si wazi mezani ambako hewa inaipendelea. Kila baada ya muda gusa mgongo wa bamba: likiwa moto kiasi cha kutoweza kuweka kidole kwa sekunde chache, bado kuna kitu, rudi kwenye pesti na feni. Tazama nyeupe ya mchanganyiko mwanzo na mwisho wa saa hiyo. Ikibaki ileile, andika ndani ya kifuniko tarehe, LED zilizobadilishwa na mkondo uliopima kwa kila rangi. Taa ikirudi siku moja, atakayeifungua ataanza na namba hizo badala ya kubahatisha.